Namna ya Kukaa na Wageni Wawili Machoni

Hongera kwa lenzi mpya. Miwani imerudi kwenye mkoba wake, pua imepumzika, na kuanzia leo unaweza kufunua sufuria ya wali bila vioo kupata ukungu. Lakini kabla hujaanza kurembua mbele ya kioo, soma mwongozo huu hadi chini. Nimeutia utani kwa sababu watu husinzia wakisomewa kanuni za usafi. Kanuni zenyewe si utani. Kila amri utakayoikuta humu naimaanisha, na sitaki kusikia kwamba jicho lako limepata kovu kwa kosa ambalo kipande cha sabuni kingelizuia.

Lenzi ni mgeni. Anakuja asubuhi, anaondoka kabla hujalala, haogi maji ya nyumbani kwako, na hakopeshwi jirani. Waswahili humkirimu mgeni siku mbili, ya tatu wakampa jembe. Huyu usimpe jembe, na zaidi ya yote usimpe kitanda.

Mgeni na chumba chake

Chumba anachofikia kinaitwa konea. Ni ule utando angavu ulio mbele kabisa ya jicho, unaopitisha mwanga kwenda kwenye mboni. Unene wake katikati ni kama nusu milimita tu. Hauna mshipa wa damu hata mmoja, kwani damu ingezuia mwanga. Oksijeni inaufikia kutoka hewani, ikiwa imeyeyuka ndani ya machozi. Kila unapovaa lenzi unaweka kizuizi kati ya konea na hewa inayoitegemea. Lenzi nzuri hupitisha oksijeni nyingi, lenzi duni hupitisha kidogo, na hakuna lenzi inayolishinda jicho tupu.

Zamani mgeni huyu alikuwa mtesaji. Mwaka 1888 daktari Mjerumani Adolf Eugen Fick, aliyekuwa akifanya kazi Zürich, alieleza lenzi za kioo alizowajaribu nazo sungura kwanza, kisha akajivika mwenyewe. Zilikuwa kubwa, zikifunika hadi weupe wa jicho, na mtu alizivumilia kwa saa chache tu. Nafuu ilikuja Krismasi ya 1961, pale mkemia Mcheki Otto Wichterle alipotengeneza lenzi laini nyumbani kwake, kwa mashine aliyoiunga mezani kwa vipande vya Merkur, mchezo wa kujengea wa watoto, huku ikizungushwa kwa dinamo ya baiskeli. Mwaka 1971 Marekani ikaidhinisha lenzi laini ziuzwe, na dunia ikazipokea.

Ulaini huo unatokana na jambo moja: plastiki ya lenzi hunywa maji. Ikikauka huwa ngumu na kukatika, ikilowa huwa laini na kukaa juu ya jicho bila kuumiza. Sasa shika hili vizuri, maana karibu kila kanuni iliyobaki inatoka hapa. Kitu kinachokunywa maji hakichagui. Hunywa dawa ya lenzi, hunywa na maji ya bomba. Hunywa mate, manukato ya losheni, moshi wa ubani na maji ya pilipili yaliyobaki kwenye ncha ya kidole. Kisha hukaa saa kumi juu ya konea na vyote ilivyokunywa.

Asiyepimwa asiingie

Wapo wanaodhani namba ya miwani ndiyo namba ya lenzi. Wanaipeleka dukani wanavyopeleka namba ya viatu, wanalipa, wanaondoka. Sivyo. Miwani hukaa mbali kidogo na jicho, lenzi hukaa juu yake, na kwa mwenye namba kubwa umbali huo mdogo hubadilisha nguvu inayohitajika. Tena lenzi ina mkunjo na upana wake. Ikibana sana huzuia machozi kupita chini yake. Ikilegea huteleza na kuparuza kila unapopepesa. Mtaalamu wa macho hupima mkunjo wa konea, huangalia kama machozi yako yanatosha, hukuvisha lenzi ya majaribio, kisha hukutazama kwa darubini yake ilhali umeivaa. Hukufundisha pia kuivaa na kuivua kwa mikono yako mwenyewe mbele yake. Ukipewa lenzi bila kufundishwa kuivua, rudi ukadai somo lako.

Mambo haya yanafanyika huku kwetu. Moshi, hospitali ya KCMC imewafundisha wataalamu wa optometria kwa miaka mingi. Dar es Salaam ipo CCBRT, na Wakenya wanaijua hospitali ya macho ya Kikuyu. Zipo na kliniki nyingi ndogo za miwani zenye wataalamu waliosajiliwa. Muulize aliyekupima kama amesajiliwa. Ni swali la adabu, na aliyesajiliwa hatalichukia.

Na lenzi za rangi? Hapa naomba nikae kitako.

Ingia chumba anachopambiwa bibi harusi, saa moja kabla ya shughuli. Feni inazunguka, somo ameshika pini za mtandio kwa meno, watoto wanafukuzwa mlangoni. Mpambaji anafungua kijaluba cha lenzi. Ndani mna lenzi za kijivu alizovaa bibi harusi wa Jumamosi iliyopita, na kabla yake mwingine, na maji yamo humo humo tangu wakati huo. Anazisuuza kwa maji ya chupa. “Tazama juu, mwanangu, usipepese.” Kidole kinakuja na vumbi la poda na gundi ya kope za bandia. Jicho linatoa machozi, wanja unachuruzika, wanawake wanacheka kwamba mwali ana aibu. Mwali hana aibu. Jicho linajitetea.

Lenzi ya rangi ni lenzi. Inakaa juu ya konea ile ile, inazuia hewa ile ile, na nyingi za bei poa zimepakwa rangi juu juu, hivyo uso wake unakwaruza na kushika uchafu. Hata kama haina namba yoyote, mvaaji anatakiwa kupimwa. Marekani iliona madhara yake ikapitisha sheria mwaka 2005 kwamba lenzi zote, hata za urembo mtupu, ni kifaa cha tiba na haziuzwi bila cheti cha mtaalamu. Huku kwetu bado utazikuta kwenye maduka ya vipodozi, zimepangwa karibu na rangi za kucha. Muuzaji hatakuuliza lolote isipokuwa kama unataka za bluu au za asali.

Dada mpambaji, nakuheshimu na kazi yako naipenda. Nakuomba ufanye moja tu: usimvike mtu lenzi iliyokwisha kuingia jicho la mtu mwingine, hata ukiiloweka wiki nzima. Wewe bibi harusi, ukitaka macho ya kijivu, anza mwezi mmoja kabla. Nenda upimwe, nunua zako mwenyewe, zizoee, na siku yenyewe zivae kwa mikono yako. Na ukifika ukumbini na macho uliyozaliwa nayo, nani atakayekataa pilau?

Mikono, kidole na jicho la kulia

Nawa mikono kwa sabuni ya kawaida isiyo na mafuta wala manukato makali, suuza vizuri, kisha kausha. Kukausha ndiko watu wanakoruka. Mkono wenye maji unapeleka maji ya bomba kwenye lenzi, na habari za maji tutazifikia. Tumia taulo safi isiyotoa nyuzi. Khanga uliyojifutia jasho haifai, na gauni ulilovaa halifai zaidi.

Mpishi akiwa na lenzi anahitaji nidhamu ya askari. Vaa lenzi kabla hujashika pilipili, na jioni usizivue hadi umenawa na sabuni mara mbili au tatu. Ukali wa pilipili ni wa mafuta; maji matupu hayautoi. Aliyewahi kuvua lenzi baada ya kukatakata pilipili mbuzi hahitaji kukumbushwa, na ambaye hajawahi naomba aniamini.

Anza na jicho la kulia kila siku. Ukianza leo la kulia na kesho la kushoto, siku moja utabadilisha lenzi, ushinde unaona ukungu na kulaumu umeme mdogo. Weka lenzi kwenye ncha ya kidole cha shahada, iinue hadi usawa wa macho, iangalie kwa ubavu dhidi ya mwanga. Kingo zikisimama wima zikielekea juu, iko sawa. Zikipanuka nje, imegeuka ndani nje, igeuze taratibu. Angalia kama ina mpasuko au chembe ya vumbi. Yenye mpasuko itupe hata kama uliifungua jana, maana konea haina subira na ncha kali.

Shusha kope ya chini kwa kidole cha kati, inua ya juu kwa mkono mwingine, tazama mbele, weka lenzi, kisha achia kope polepole. Ikiuma, itoe, isuuze kwa dawa yake, jaribu tena. Ikiuma mara ya pili, leo ni siku ya miwani. Hakuna jicho linalozoea maumivu kwa kulazimishwa.

Kuvua, tazama juu, iburute lenzi hadi kwenye weupe wa jicho, kisha ibane kwa nyama za vidole, si kwa kucha. Ikiwa imekauka na kung'ang'ania, dondoshea matone ya kulainisha yanayofaa lenzi, subiri, pepesa, ndipo uivue. Kuikwangua ikiwa kavu kunaweza kuondoka na tabaka la juu la konea, na usiku huo hutalala.

Watu wengi wanaogopa kwamba lenzi itapotelea nyuma ya jicho iingie ubongoni. Haiwezi. Utando unaofunika weupe wa jicho hujikunja na kuungana na kope, hivyo nyuma kumefungwa. Ila inaweza kujificha chini ya kope ya juu, na kujificha huko kuna hadithi yake. Mwaka 2017 jarida la tiba la BMJ lilieleza mkasa wa mwanamke wa miaka 67 huko Uingereza aliyepelekwa kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Madaktari wakakuta fundo la lenzi 17 zilizogandana kwenye jicho moja, kisha wakapata nyingine 10. Lenzi 27. Alikuwa amezivaa kwa miaka 35 bila kwenda kupimwa mara kwa mara, na ule usumbufu alidhani ni ukavu na uzee. Basi usiku ukienda kuvua lenzi usiione, usivae nyingine asubuhi juu yake. Itafute, na usipoipata nenda kwa mtaalamu akageuze kope.

Maji

Kama una nafasi ya kukumbuka jambo moja tu humu, kumbuka hili: lenzi na maji wasikutane. Maji ya bomba, ya kisima, ya simtanki, ya mvua, ya bahari, ya bwawa la hoteli yanayonukia klorini, yote.

Ndani ya maji na udongo huishi kidudu cha seli moja kiitwacho akantamiba. Tunakunywa maji yenye vidudu hivi, tunaoga navyo, na kwa kawaida havitudhuru. Lakini vikishikwa na lenzi na kubanwa juu ya konea yenye mchubuko mdogo, vinaanza kuila. Vikitishwa hujikunja ndani ya ganda gumu ambalo klorini ya bomba hailiwezi. Maumivu yake ni makali kuliko jicho linavyoonekana kwa nje, matibabu huchukua miezi, na wengine huishia kuwekewa konea ya mtu aliyefariki. Mtu amefika hapo kwa sababu ya kuoga na lenzi.

Sasa sikiliza hoja ninazozisikia kila siku. “Mimi nachemsha maji.” Maji yakipoa na kukaa ndani ya chombo cha nyumbani hayako tasa tena. “Mimi natumia ya chupa.” Ya chupa yametengenezwa kwa tumbo, jicho halina asidi ya kujilinda. “Mimi natia chumvi, si ndiyo machozi?” Miaka ya 1980 Wamarekani walijitengenezea maji ya chumvi ya lenzi majumbani, na wachunguzi wa magonjwa wakaukuta ugonjwa huu wa akantamiba miongoni mwao. “Mimi naweka mdomoni mara moja tu, nairudisha.” Ewe ndugu yangu! Kinywa kile kile ulichokipigia mswaki kwa sababu kina bakteria?

Lenzi ikikudondoka kwenye sinki, ya siku moja itupe hapo hapo. Ya mwezi isuguliwe kwa dawa yake na ilowekwe muda wote ulioandikwa kwenye chupa kabla haijarudi jichoni, na ukiwa na shaka nayo, itupe pia.

Wanaoswali huniuliza kuhusu udhu, na ni swali zuri. Kuosha uso katika udhu hakulazimishi maji kuingia ndani ya macho, kwa hiyo lenzi haiharibu ibada na huna haja ya kuivua mara tano. Fumba macho sawasawa, osha uso, futa maji kwenye kope kwa kitambaa safi, ndipo ufumbue. Kuoga mwili mzima ni tofauti. Panga ratiba: oga kwanza, vaa lenzi baadaye, jioni vua kwanza, ndipo ukaoge.

Bahari nayo. Mtu amefika Nungwi au Diani kwa nauli yake, anataka kuona samaki. Avue lenzi, au avae miwani ya kuogelea inayobana, tena juu ya lenzi za siku moja atakazozitupa mara atokapo majini.

Dawa na kijaluba

Dawa ya lenzi ndiyo maji pekee ambayo mgeni huyu anaoga. Nayo ina masharti.

La kwanza ni kumwaga. Kila asubuhi ukishavaa, mwaga dawa yote iliyobaki kwenye kijaluba. Usiongezee mpya juu ya kuukuu. Dawa iliyolaza lenzi usiku kucha imekwisha nguvu, na ukiiongeza kidogo unawapunguzia vijidudu makali ya dawa mpya. Mwaka 2006 ulitokea mlipuko wa maambukizi ya kuvu wa fusariamu kwa wavaa lenzi wa nchi kadhaa, ukahusishwa na dawa moja maarufu ya lenzi ambayo iliondolewa sokoni duniani kote. Wachunguzi walipoangalia mazoea ya wagonjwa, kuongezea dawa mpya juu ya kuukuu kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyozidisha hatari. Katika nchi zetu zenye joto na unyevu, kuvu ni adui wa macho aliye karibu zaidi. Wakulima huambukizwa kwa kuchomwa na jani la mhindi tu.

La pili ni kusugua. Hata kama chupa inajisifu kwamba haihitaji, iweke lenzi kwenye kiganja, tia dawa, isugue taratibu kwa kidole kila upande, kisha isuuze kwa dawa hiyo hiyo. Kuloweka peke yake hakuondoi utando wa protini na vijidudu vilivyojishikiza.

Maji ya chumvi ya dukani husuuza tu, hayaui vijidudu. Na dawa ya haidrojeni peroksaidi, ile ambayo mara nyingi huja na kifuniko chekundu na kijaluba chake chenye kipande cha platini, inasafisha vizuri sana lakini haigusi jicho kabla haijapoa nguvu. Kwa kawaida inahitaji saa 6 ndani ya kijaluba chake maalumu. Mtu akiidondoshea jichoni kama matone, atajua maana ya moto.

Kijaluba chenyewe kisafishwe kila siku kwa dawa ya lenzi, kipanguswe kwa karatasi laini safi, kiachwe wazi kimepinduliwa kikauke, mbali na choo. Kila miezi mitatu kitupe, nunua kingine. Bei yake haifiki nauli ya kwenda hospitali. Usihamishie dawa kwenye kichupa cha manukato kwa ajili ya safari, na ukifungua chupa andika tarehe kwa kalamu, kwa kuwa muda wake hupungua tangu siku ya kufunguliwa.

Hapa niseme neno la pesa. Wengi wanabajeti lenzi, hawabajeti dawa. Mwezi wa kwanza wanazo zote mbili, mwezi wa tatu chupa imekwisha na mshahara haujatoka, ndipo maji ya bomba yanapoingia. Kabla hujanunua lenzi, piga hesabu ya dawa ya mwaka mzima, vijaluba, kupimwa tena, na miwani ya akiba. Hesabu ikigoma, vaa miwani kwa fahari.

Usingizi

Kulala na lenzi huongeza hatari ya maambukizi ya konea mara 6 hadi 8. Hii ni takwimu ya kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, na haijali kama umelala usiku kucha au umejiegesha kwenye kochi baada ya chakula cha mchana. Macho yakifumbwa, machozi hayazunguki na hewa haifiki. Konea inavimba kidogo, na bakteria waliobanwa chini ya lenzi wanapata joto, giza na muda.

Zipo lenzi zilizoidhinishwa kulaliwa. Hata hizo zina hatari kubwa kuliko za mchana: tafiti zimeonyesha wagonjwa 4 hivi kwa mwaka kati ya wavaaji 10,000 wa lenzi laini za mchana, na 20 hivi kwa wanaolala nazo. Kwa hiyo ruhusa ya kulala nazo asikupe muuzaji, akupe daktari.

Najua palipo na mtego. Ni kwenye basi la usiku. Umepanda Dar es Salaam saa kumi na moja jioni, unasema hutasinzia, kufika Chalinze kichwa kiko begani mwa jirani. Nesi wa zamu naye hujilaza dakika chache. Mwanafunzi analala juu ya daftari. Kwa hiyo mkoba wa mvaa lenzi una vitu vitatu daima: miwani, kijaluba chenye dawa, na sabuni au dawa ya kusafisha mikono. Ukihisi usingizi unakuja, vua. Kama mikono haina pa kunawia, dawa ya mikono itumie, iache ikauke kabisa, kisha vua. Ukiwa na lenzi za siku moja mambo ni rahisi zaidi: unazivua na kuzitupa, na ni hizo ninazompendekezea kila anayesafiri.

Kwa lenzi za mwezi, “mwezi mmoja” ni siku 30 tangu ufungue pakiti. Si mara 30 za kuvaa. Lenzi uliyoivaa kwenye harusi mbili na mahafali haijawa mpya kwa sababu ilipumzika kabatini.

Kuhusu vumbi, bodaboda wanaovaa lenzi wavae kofia yenye kioo, na kioo kishushwe. Anayepuliza jiko la mkaa ageuze uso. Wanja upakwe baada ya kuvaa lenzi, nje ya mstari wa kope, na jioni lenzi ndizo zitoke kwanza, kisha wanja.

Jicho likibadilika

Mwanzoni mwa 2024 macho mekundu yalienea Dar es Salaam na pwani ya Kenya, na watu wakazoea kusema jicho jekundu litapona lenyewe. Kwa asiyevaa lenzi, mara nyingi hupona. Kwa mvaa lenzi, jicho jekundu ni dharura hadi mtaalamu aseme vinginevyo. Kidonda cha konea kinachosababishwa na bakteria kinaweza kuharibu uoni kwa siku chache.

Jiulize kila asubuhi mbele ya kioo: macho yanaonekana vizuri? Yametulia bila maumivu? Yanaona kama jana? Jibu la “hapana” kwa swali lolote, lenzi haiingii. Likikujia ukiwa umeivaa, ivue pale pale, na usiirudishe hata kama maumivu yamepungua.

Usiende duka la dawa kuomba “ya macho”. Matone mengine yana steroidi; hupunguza wekundu kwa siku mbili huku yakiyalisha maambukizi, hasa ya kuvu. Matone ya kufisha maumivu ni mabaya zaidi, kwa kuwa yanakunyamazishia king'ora. Usitie maziwa ya mama, asali, maji ya majani wala mkojo, hata aliyekuelekeza awe ni bibi yako unayempenda.

Nenda hospitali yenye daktari wa macho siku hiyo hiyo, jicho likiuma, likiogopa mwanga, likitoa usaha, au ukiona doa jeupe juu ya sehemu nyeusi. Vaa miwani, usiendeshe gari. Chukua lenzi ulizovua, kijaluba chake pamoja na chupa ya dawa, usivioshe wala kuvitupa. Maabara inaweza kukuta humo kilichokushambulia. Mwambie daktari ukweli wote, kama ulilala nazo au ulizisuuza kwa maji, maana dawa ya kuvu si dawa ya bakteria, na ya akantamiba ni nyingine kabisa.